Santuri Zilizopakwa Grisi

Sindano ikigusa santuri ya zamani, muziki hautangulii. Hutangulia sauti kama ya kitu kinachokaangwa. Wengi husikia kelele tu. Mimi moyo hunienda mbio, kwa sababu najua nyuma ya ule mkaango kuna watu kumi wamekaa kwenye viti, vyombo midomoni, wanasubiri mkono wa kiongozi wao ushuke. Unashuka, wanavamia. Tarumbeta mbili mbele, tromboni nyuma yao ikiyumba kama mlevi anayeijua njia ya kwake, banjo inakatakata mapigo kama mtu anayekata mchicha, saksafoni tatu zinajibizana nazo kwa sauti moja, na chini kabisa lile dude kubwa la besi linakoroma. Dakika tatu tu, upande umekwisha. Unageuza.

Hiyo ndiyo jazi ninayoikusanya. Jazi ya moto, ya bendi za kuchezesha watu dansi, iliyorekodiwa ng'ambo kabla bibi zangu hawajazaliwa. Inabidi nieleze hivyo kila mara, maana Shinyanga ukisema jazi watu hufikiria magitaa na waimbaji wetu wa zamani, na papo hapo wanaanza kukuimbia. Siwakatizi. Naogopa kuonekana najidai.

Nina shahada, nasubiri ajira, na wakati nasubiri nakaa kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na stendi. Gramafoni yangu ni ndogo, inafungwa na kubebwa kama sanduku la nguo, na unaizungusha mpini badala ya kuichomeka kwenye umeme. Niliipata Mwanza kwenye vitu vya mitumba, pamoja na santuri chache ambazo nimezisikiliza mpaka najua mahali ambapo mpiga klarineti anavuta pumzi. Nyingine nimezitafuta Kahama, Ushirombo, hadi Geita. Kote niliulizia santuri, nikaletewa kanda za kwaya. Fundi redio mmoja wa Geita alinisikiliza kwa makini mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Dada, unaumwa?"

Ndiyo maana simu ya mjomba ilinikuta nimekwisha kata tamaa. Mjomba wangu ni dalali wa almasi Maganzo, na huongea na simu kana kwamba aliye upande wa pili yuko ng'ambo ya mto.

"Msomi! Yale masahani yako meusi, yale ya kuzunguka, bado unayataka?"

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, marahaba. Nimekuuliza, unayataka au umepata mchumba?"

Akanieleza. Jirani yake ni bibi mjane. Marehemu mume wake alikuwa mhudumu kwenye klabu ya wazungu kule mgodini Mwadui, kabla ya uhuru, na aliacha gramafoni kubwa na sanduku zima la santuri. Sasa bibi anahamia Chato kwa binti yake, Jumapili lori linakuja. Gramafoni haliimbi tangu springi ikatike miaka mingi iliyopita, na mwanawe wa kiume amekwisha kumwahidi mtu mmoja wa hoteli ya Mwanza anayelitaka liwe pambo la mapokezi. Santuri huyo mtu hazitaki. Zitabaki jalalani.

"Ila bibi ana sharti," mjomba alisema. "Kuna santuri moja anataka kuisikia kabla hajapanda lori. Atakayeiimbisha, sanduku lote lake."

Nilikata simu nikaanza kuwaza, kazi ambayo kama ningelipwa kwayo ningekuwa tajiri. Itakuwaje kama ni nyimbo za dini? Itakuwaje kama zimepasuka? Nimsalimie kwa Kiswahili aone nimejitenga, au kwa Kisukuma changu kibovu acheke? Nikivunja hiyo santuri moja mbele yake, nitatokaje uani? Niliwaza hata nguo. Kitu kimoja sikukiwaza, nacho ndicho kilichotokea.

Jumamosi asubuhi nilishuka Maganzo na gramafoni yangu mapajani, nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa. Mjomba alinipokea kwenye chumba chake cha biashara, chenye meza moja iliyokaa dirishani. Juu ya meza kuna kioo kinene, na juu ya kioo ni lenzi na mzani mdogo tu. Kikombe hakiwekwi hapo. Kiwiko hakiwekwi hapo. Wateja wake wanajua.

Bibi tulimkuta nyuma ya nyumba yake, ameketi juu ya furushi lililokwisha fungwa, anamwamuru mwanawe jinsi ya kukaza kamba ya godoro. Mwanawe ni mtu mzima mwenye mvi, na alikuwa amenuna.

"Mwangaluka, bibi," nilisema.

"Mwangaluka, mjukuu wangu." Akamgeukia mjomba. "Huyu ndiye?"

"Ndiye, mayu," mjomba alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mbona anatetemeka?"

"Ndivyo alivyo. Hata chai anaiwazia kwanza ndipo ainywe."

Bibi alicheka, meno yake machache yakaonekana yote. Kisha akamwambia mwanawe alete sanduku. Lilikuwa la mbao, zito, na alipoinua kifuniko nilipiga kelele ambayo mpaka leo mjomba huiigiza mbele ya watu. Santuri zilikuwa zimesimama wima, zimepangwa kwa uangalifu, na kila moja iling'aa. Niling'ang'ania moja, ikaniteleza. Zote zilikuwa zimepakwa grisi.

"Mume wangu alizipaka mwenyewe," bibi alisema, akiona nilivyoikodolea macho mikono yangu. "Mgodini alikuwa anaona almasi zinavyopita na maji na mchanga kwenye mashine, mchanga unakwenda, almasi zinanasa kwenye grisi. Akasema kitu cha thamani kinapendana na grisi. Alipokufa nikaendelea mimi. Mbili tu hazimo. Zinafunika mitungi ya maji."

Nilifuta lebo ya kwanza kwa ncha ya khanga yangu. Nikafuta ya pili, ya tatu. Bendi za hoteli kubwa za ng'ambo, bendi za kumbi za dansi, bendi nilizozisoma tu na sikuwahi kudhani nitagusa kazi yao. Na chini ya majina ya nyimbo, kwa herufi ndogo, neno linalonipa homa, jina la dansi yake: fokstroti, fokstroti, fokstroti. Nilikaa chini vumbini.

"Anaumwa?" mwanawe aliuliza.

Bibi alikuwa amekwisha chomoa santuri yake. Aliijua kwa kidole, bila kuitazama, kwa sababu ina pengo dogo ukingoni. Alisema mumewe alipokuwa akibeba sinia klabuni alikuwa akitazama miguu ya wazungu wakicheza, akazikariri hatua zao, akirudi nyumbani anamfundisha yeye. Mhandisi mmoja alipoondoka kurudi kwao alimwachia gramafoni na sanduku. Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa walicheza uani, hapo hapo tulipokuwa, majirani wakichungulia na kusema ndoa ile imeingiliwa na pepo.

"Tulikuwa tunaanza na hii. Springi ilipokatika alisema atatafuta fundi." Akanipa santuri kwa mikono miwili. "Chato sijui kama nitampata mwingine mwenye kichaa kama chako. Nataka niisikie hapa hapa."

Ilibidi kwanza zioshwe, maana sindano ingezama kwenye grisi na vumbi. Mjomba akatoa mfukoni kichupa cha spiriti anayosafishia mawe yake. Nilimrukia.

"Hapana mjomba! Hizi si plastiki. Zimetengenezwa kwa utomvu na unga wa mawe. Spiriti inauyeyusha huo utomvu."

"Unga wa mawe?" Macho yake yakawa makubwa. "Kumbe ni mawe! Sasa mbona unanihangaisha siku zote na masahani? Mawe niachie mimi."

Tulizioshea kwenye karai, maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche. Bibi alileta vifuniko viwili vya makopo tukawa tunavikandamiza juu ya lebo zisilowe, na mimi nikasugua taratibu kwa brashi laini kufuata mzunguko wa mifereji. Grisi ilitoka nyeusi kama lami, na chini yake mifereji ilikuwa mizima. Mjomba aliivamia santuri kwa lenzi yake ya almasi. "Haina mkwaruzo, msomi! Tazama! Safi kama imetoka kwa fundi leo." Nilitazama. Mifereji myembamba ilitikisika kushoto na kulia, na pale ambapo ilitikisika kwa nguvu nilijua tarumbeta zimepanda. Nilikuwa nauona muziki kabla ya kuusikia. Nilitamani kumkumbatia mtu, lakini sikuweza kuamua nani.

Tulipomaliza santuri nne, ya bibi ikiwa ya kwanza, niliingia sebuleni kutayarisha gramafoni. Nikaipangusa. Nikachagua sindano. Nikaibadilisha. Nikajiuliza kama sindano ya sauti kubwa itamwumiza bibi masikio, au ya sauti ndogo itamfanya asisikie na sharti liharibike. Nilipotoka, karai lilikuwepo, santuri hazikuwepo.

"Ziko wapi?"

"Nimezianika," mjomba alisema, amejaa fahari.

Maganzo mchanga ukishaoshwa hutandazwa juani juu ya bati, maji yakauke, jiwe lililojificha limeremete. Mjomba amefanya hivyo tangu ujana wake. Nami nilikuwa nimemwambia kwa kinywa changu kwamba zile ni mawe. Alikuwa amezipanga juu ya bati, jua la Maganzo likiwa limepanda, zimelala nyeusi juu ya chuma cha moto.

Nilikimbia. Tatu za mwisho zilikuwa zimeanza tu kulegea, nikaziokoa na kuzilaza kivulini kwenye sakafu. Ya bibi ndiyo iliyokaa muda mrefu kuliko zote. Nilipoinyanyua, upande wenye pengo uliinama taratibu, kama chapati unaposhika ukingo wake.

Bibi aliinuka kutoka kwenye furushi, akaja, akaitazama mikononi mwangu.

"Imekufa?"

Mwanawe alitupa kamba chini. "Mama, si nilikwambia hivi vitu vimeshapitwa na wakati? Sasa unajiumiza moyo bure, na lori ni kesho."

Nilikuwa nimesoma mahali, zamani, kwamba santuri ya namna ile iliyopinda kwa jua huweza kunyooshwa kwa jua hilo hilo, ikibanwa kati ya vioo viwili. Sikuwahi kujaribu. Kichwa changu kilianza kazi yake: je kama inapasuka, je kama mifereji inalala na wimbo unafutika, je kama nilisoma vibaya. Bibi alikuwa bado ananitazama.

"Haijafa," nilisema. "Mjomba, nataka kioo chako."

"Kioo gani?"

"Cha mezani."

Alinitazama kana kwamba nimemwomba figo. "Msomi, kile kioo hata mke wangu hakigusi."

"Na aliyeianika kwenye bati ni nani?" bibi alimwuliza.

Mjomba akaondoka bila kujibu. Alirudi amekibeba kifuani, shati limelowa jasho, akinyata kama mwizi. Kioo cha pili bibi alikitoa mwenyewe ukutani. Kilikuwa kwenye fremu ya picha ya marehemu, amevaa koti jeupe la kazi, amesimama wima kama bendera. Alichomoa picha akaitia ndani ya khanga yake, kioo akanipa.

Tukailaza santuri katikati, tukaweka juani. Nilichuchumaa pembeni. Mjomba akachuchumaa. Bibi akavuta kigoda. Mwanawe alijifanya anafunga mizigo, lakini kila akipita alipunguza mwendo. Tulikuwa kama watu wanaosubiri chekeche la mchanga wa almasi ligeuzwe, macho yote mahali pamoja, hakuna anayetaka kupumua kwanza. Nikanyoosha mkono niinue kidogo, nione.

"Usiguse!" wote watatu walisema.

Ukingo ulianza kushuka. Kwanza nilidhani ni macho yangu. Kisha mwanga uliokuwa ukipita chini ya upande mmoja ukawa mwembamba, ukawa uzi, ukakatika. Tulivibeba vioo vyote pamoja hadi kwenye kivuli cha ukuta, bibi akakunja khanga juu yake, mwanawe akaleta jiwe la kusagia ambalo mwenyewe alikuwa ameapa halitapanda lori, akaliweka juu pole pole kama anaweka yai. Tukaliacha mpaka kioo kikapoa.

Nilipoifungua haikuwa imenyooka kabisa. Ilikuwa na wimbi dogo, la kuonekana ukiinamisha kichwa tu. Niliiweka kwenye gramafoni, nikazungusha mpini, nikashusha sindano. Mikono yangu, kwa ajabu, ilikuwa imetulia.

Mkaango. Pengo likapita, tik, tik, tik. Kisha walivamia.

Sijui niielezeje. Bendi nzima iliingia uani Maganzo kwa mara moja, tarumbeta, banjo, ile besi inayokoroma, na kuku wakatawanyika. Mwendo ulikuwa wa kasi kuliko nilivyotarajia, wa furaha isiyoomba ruhusa. Nilipiga kofi bila kujua. Mjomba alianza kutikisa kiuno na mikono kama anachekecha mchanga mtoni, na, naapa, alikuwa anakwenda na mapigo.

Bibi alikuwa amesimama tu, kidole juu. "Subiri," alisema. "Subiri. Anakuja sasa."

Na tarumbeta moja ikajitenga na wenzake ikapanda peke yake, kavu, yenye utani, ikicheza kuzunguka wimbo badala ya kuuimba. Bibi akashusha kidole. Mguu wake wa kushoto ukaenda pembeni, wa kulia ukaufuata, mara mbili za haraka, moja ya pole. Alishika hewa mbele yake kama mtu anavyoshika bega.

Ndipo nikasikia sauti nyingine, ya puani, ikifuata saksafoni noti kwa noti, zile sauti za chini ambazo watu huwa hawazikumbuki. Niligeuka. Alikuwa mwanawe. Amesimama na kamba mkononi, anaimba sehemu ya saksafoni yote, na nadhani yeye mwenyewe hakuwa anajua kwamba anaijua.

Sindano ilipofika mwisho alikohoa. "Baba alikuwa anatufukuza twende tukacheze nje," alisema. "Tulikuwa tunakaa nyuma ya ukuta huo." Akatoa simu, akasogea kando, tukamsikia akisema, "Bosi, samahani sana, lile gramafoni halipo tena. Hapana, halijauzwa. Halipo tu."

Bibi alisema iwekwe tena. Tukaiweka tena. Kisha akaitoa mwenyewe, akaipangusa kwa khanga, akaanza kuirudisha kwenye sanduku ili anipe, kwa sababu sharti ni sharti na mimi nilikuwa nimetimiza langu. Mkono wake ulikawia kwenye pengo.

Hapo nilifanya jambo ambalo silifanyi. Nilisema kabla ya kuwaza.

"Bibi, hiyo nenda nayo. Na gramafoni yangu nenda nayo, inakaa mapajani hata kwenye lori. Mimi nipe sanduku na lile kubwa bovu. Nitatafuta fundi wa springi."

"Na mpaka umpate, utasikilizia nini?"

Mjomba alinijibia. "Mayu, huyu usimhofie. Atakaa anaziwazia."

"Wabeja, mjukuu wangu," bibi alinishukuru. "Wabeja gete." Akaifunga gramafoni yangu ndogo, akaiweka juu ya furushi lake, akaketi pembeni yake, mkono juu ya kifuniko.

Kwa hiyo sasa ninao utajiri ambao mkusanyaji yeyote angeniua ili aupate, na hauna sauti. Mafundi wa Shinyanga wote wamelitazama gramafoni kubwa na wote wameniambia springi ya namna hiyo haipo, nijaribu Mwanza. Mjomba aliniazima lenzi yake ya zamani. Nikitoka dukani huchomoa santuri moja, naielekeza kwenye dirisha, nasoma mifereji inavyotikisika, nakisia wapi wamepanda na wapi wamenyamaza. Huwa nacheka peke yangu. Mpangaji mwenzangu ameacha kuuliza.

Jumapili moja, watu wakiwa wanatoka misa, simu iliita. Namba nisiyoijua. Nilianza kuwaza ni nani, ni ajira, ni msiba, ni deni la mtu, mpaka ilikaribia kukatika. Nilipopokea hakuna aliyenisalimia. Niliusikia mkaango. Tik, tik, tik. Kisha bendi ikaingia kutoka Chato, ndogo na ya mbali ndani ya sikio langu, na kila mzunguko sauti ilipanda na kushuka kidogo, pale ambapo bati la mjomba lilikuwa limeacha wimbi lake. Miguu iliburuzika sakafuni huko, mara mbili za haraka, moja ya pole.

Tarumbeta ilipojitenga na wenzake nilikuwa nimekwisha simama.

"Umemsikia?" sauti ya bibi iliuliza, ikihema. "Haya, kata simu, vocha ya watu inaisha."